Mupime moyo wa mufanyakazi, lakini mupime na kazi yake

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wenye munasoma ukurasa huu wakati baba hajarudi posti,

Tangu muda fulani, kwenye vizite za afya za sosiete za migodi, kuko karatasi mupya. Mbele walikuwa wanapima macho, masikio, mapafu, mukojo na damu. Sasa wameongeza maulizo juu ya moyo. «Hali ya moyo wako inabadilika mara mingi?» «Kuko siku unakuwa na furaha, na kesho yake unajisikia muzito bila sababu?» Mbele ya kila ulizo kuko vikasha viwili: ndiyo, hapana. Unatia musalaba, unasaini, unaenda kupanga mustari wa kupimwa masikio.

Watu wengi wamekuja kutuuliza kwenye sendika: tujibu nini? Wengine walitaka tupige kelele, karatasi yote ikataliwe. Sisi hatukatai. Tunaona kupima jambo hili ni vizuri, na inchi yetu imechelewa. Lakini namna yenye wanapima hapa kwetu haiko sawa, na kipimo kibaya katika mukono wa mwenye kukulipa kinaweza kukutosha kazi.

Tuelewane kwanza ni nini inapimwa. Hatusemi juu ya wazimu. Kuko ugonjwa mukubwa, wenye waganga wa kichwa wanaujua tangu zamani, wenye unamupandisha mutu juu sana, halafu unamutupa chini sana. Mufaransa Falret aliuandika kati ya karne ya 1800 na akauita wazimu wa kuzunguka. Kisha, katika 1882, Mudachi Kahlbaum akatia jina kwa namna yake ndogo, ya watu wenye wanapanda na kushuka kidogo kidogo, wanaenda kazini, wanalea watoto, hawalazwi fasi yoyote. Ni hawa wadogo njo tunawasema hapa. Leo ana cheko na anasaidia ekipe muzima. Kesho kutwa anamujibu vibaya shefu juu ya kitu kidogo, anarudi nyumbani, hasemi na mutu. Juma ingine ni sawa tena. Bibi yake anajua. Watoto wanajua. Karatasi ya lopitali haijui.

Kule Uingereza wameuliza wakaaji wa kawaida, si wagonjwa. Katika 2007 walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza watu wakubwa zaidi ya 7,000, na kati ya maulizo mingi kulikuwa moja juu ya moyo kubadilika kwa gafula. Karibu watu 14 kwa 100 walipatikana na hali hiyo. Kuko tena uchunguzi ingine ya kulekule, yenye iliandika watu karibu nusu milioni, wa miaka 40 mpaka 69, kati ya 2006 na 2010: ni ulizo moja tu, kama moyo wako unapanda na kushuka mara mingi, ndiyo ao hapana. Kwa ulizo hilo moja watafiti wametumika miaka mingi, mpaka kutafuta katika damu kama jambo hili linarisishwa.

Sasa, 14 kwa 100 si kusema wagonjwa 14. Hapa njo wengi wanapotea, na wakubwa wa biro pia. Ni watu wenye walijibu ndiyo. Katika hao kuko mwenye anaanza kugonjwa na angesaidiwa mapema. Kuko mwenye deni limemufunga shingo. Kuko mama mwenye mutoto muchanga, hajalala miezi mitatu. Wote wametia musalaba katika kikasha kimoja. Kwa kuhesabu inchi nzima, ile inatosha: serikali inajua kwamba jambo hili si la watu wawili watatu, inaweza kupanga waganga. Kwa kumuhukumu mutu mumoja, baba wa nyumba, mwenye ako mbele yako na kofia ya kazi katika mukono, haitoshi hata kidogo. Kipimo cha kuhesabia kundi si kipimo cha kuchagulia mutu. Sosiete zimechukua cha kwanza, zinakitumia kama cha pili.

Tutoe mufano wa hesabu ndogo, hata wenye hawakumaliza sekondere watafuata. Tuseme kila mangaribi mutu anaandika namba ya moyo wake, 0 ni mubaya kabisa, 10 ni muzuri kabisa. Wafanyakazi watatu, siku sita.

Wa kwanza: 5, 5, 5, 5, 5, 5.
Wa pili: 2, 8, 2, 8, 2, 8.
Wa tatu: 2, 2, 2, 8, 8, 8.

Ukijumlisha na kugawanya, wote watatu wanapata 5. Kwa mwenye anaangalia ile moja tu, hakuna tofauti kati yao. Lakini sisi wote tunaona kwamba hawa si watu wamoja. Wa pili anageuka kila siku. Huyu angefaa kuonana na muganga, kwa upole, bila kumutisha. Na wa tatu? Namba zake ni zilezile za wa pili: tatu za 2, tatu za 8. Tofauti ni mupango wake. Yeye amegeuka mara moja tu. Muulize sasa: siku tatu za kwanza ulikuwa wapi? Atakuambia, nilikuwa posti ya usiku. Na siku tatu za nyuma? Nilikuwa mapumziko, nililala kwangu.

Wa tatu hana ugonjwa. Ni ratiba yake njo inapanda na kushuka.

Na karatasi ya vizite itasema nini juu yake? Inategemea siku ya vizite. Ukimuita siku ya pili, anatia musalaba katika ndiyo. Ukimuita siku ya tano, anatia katika hapana. Ni mutu mumoja, juma moja, majibu mawili. Tena watafiti wenye walilinganisha yale mutu anakumbuka juu ya moyo wake na yale aliandika siku kwa siku, wameona mambo mawili hayo hayapatane sana. Mutu anakumbuka siku kubwa: siku ya kilio, siku ya mushahara. Siku ndogo zinapotea. Kwa hiyo ulizo moja linapima kidogo moyo, na mingi linapima ukumbusho.

Kuko karatasi ingine, ya maulizo 12, ya Muingereza Goldberg, yenye inatumiwa karibu dunia yote tangu miaka ya 1970. Hiyo inauliza: katika majuma haya ya nyuma, umekosa usingizi kuliko kawaida? Umejisikia muzito kuliko kawaida? Ni karatasi nzuri, waganga wanaipenda. Lakini wafikirie mutu wa migodi mwenye halali vizuri tangu miaka munane. Kuliko kawaida? Hapana, anajibu, ni kama kawaida. Na kwa jibu hilo hapati hata alama moja! Kawaida yake yenyewe ni mubaya, na karatasi inamuita muzima.

Tuingie basi katika kazi yetu, kwa sababu hapa njo maneno ni mingi.

Kodi ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma. Katika migodi mingi ya Lualaba na Haut-Katanga watu wanapanga posti ya saa 12, mchana na usiku, na juu ya hizo 12 uongeze bisi ya kwenda na kurudi. Mwenye anashuka bisi saa mbili ya asubui, anapita katikati ya watoto wenye wanatoka kwenda masomo, anajaribu kulala chini ya bati lenye jua linapiga, jirani anafungua muziki. Analala saa ine, tano. Mangaribi anarudi. Siku ya tatu, mutu huyu si yeye tena. Hatuhitaji profesa kwa kujua hilo, lakini maprofesa nao wanalisema: usingizi ukivunjika, moyo unavunjika nyuma yake, na mwenye kuendesha kamio ya tani 100 ni mutu wa kwanza mwenye haifai avunjikiwe.

Kuko tena vumbi. Hili wengi hawalijui, na lingefaa kuandikwa kwenye kila mulango wa mugodi wenye iko na manganeze. Katika machimbo ya manganeze ya Chile, waganga waliona wachimbaji wenye walikuwa wanacheka na kulia bila sababu, wanakasirika gafula, wanafanya mambo yenye hawakuyazoea. Kisha, miezi nyuma, mikono ikaanza kutetemeka na miguu kuwa mizito. Wakaaji wa kule waliita ule ugonjwa wazimu wa manganeze. Yaani moyo uligeuka mbele ya mikono kutetemeka! Kama mutu angeandika moyo wao siku kwa siku, angeona hatari mapema. Na sisi tuko na manganeze, kule Kisenge, katika Lualaba yetu. Mercure ni sawasawa: kule Ituri na Kivu vijana wanaichoma kwa kutenga zahabu, wanavuta ule moshi, na katika Ulaya ya miaka ya 1800 mafundi wa kofia, wenye walikuwa wanatumika na mercure, walijulikana kwa haya ya ajabu na hasira za gafula. Watu walikuwa wanawachekelea. Hakukuwa sababu ya kucheka.

Sasa muganga wa sosiete akipokea karatasi ya mutu wa namna hiyo, yenye ndiyo mingi, ataandika nini? «Mutu wa hasira.» Hataandika: mukapime vumbi ya fasi anatumika. Kwa sababu karatasi haina kikasha cha vumbi. Haina kikasha cha posti. Haina kikasha cha kuuliza kama kontra yako ni ya miezi mitatu, na kama mushahara ulikuja tarehe yake. Imeandikwa kama vile moyo wa mutu unatembea peke yake, bila mwili, bila nyumba, bila kazi.

Kuko na luga. Karatasi imetoka kwa Kifaransa, na neno ni «humeur». Wameligeuza namna gani? Katika sosiete moja tuliona wameandika: «Roho yako inabadilika-badilika?» Wandugu! Mutu wa Lubumbashi ao wa Kolwezi akisikia hilo, anasikia kwamba wanamuuliza kama ni kigeugeu, kama leo ako na weye na kesho anakuuzisha. Nani atajibu ndiyo? Na karatasi ya sosiete ingine iliandika «uko na hasira?», na hasira si jambo hilo pia, mutu anaweza kupanda na kushuka mwaka muzima bila kumukasirikia mutu hata mumoja, anajifunga tu, anakula peke yake. Ingelazimu kukaa na watu, wanaume na wanawake, vijana na wazee, kuwauliza wao wanasemaka namna gani, kisha kuandika. Tumesikia watu wakisema «kichwa iko muzito», «moyo inakufa», «sina hamu», «leo niko mwepesi». Maneno hayo yako, yanatembea katika bisi ya posti kila asubui. Hakuna mutu alikuja kuyaokota.

Na hata luga ikiwa nzuri, kuko woga. Wanakujazisha karatasi ile kwenye meza yenye mutu wa biro ya wafanyakazi amekaa pembeni ya infirmie. Mutu huyo huyo njo anaandika kontra zako. Unafikiri nani atasema kweli mbele yake? Tunajua sosiete moja, hatutaitaja, yenye shofere wa kamio alijibu kweli yote, kwa sababu alifikiri ni mambo ya lopitali. Alisema kuko majuma moyo wake unakuwa chini, hasa juma ya usiku. Miezi miwili nyuma kontra yake ilimalizika na haikurudishwa, na alipouliza sababu, aliambiwa tu kwamba hafai kwa mashini kubwa. Habari ilitembea kwa siku moja. Tangu hapo, kwenye sosiete hiyo, kila mutu ni hapana, hapana, hapana, kutoka juu mpaka chini. Na wakubwa wanafurahi: wafanyakazi wetu wako na moyo imara! Wamepima woga, wakauita afya.

Wazee wetu wangetuambia kwamba mambo haya si mapya kabisa. Wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, profesa Ombredane wa Chuo Kikuu cha Bruxelles alikuja kuwaonyesha watu wa Congo picha na kuwauliza watunge hadisi juu yake, kwa kusoma kitu gani iko ndani yao. Kitabu chake kilitoka katika 1954. Kichwa chake kinasema wazi: kuchunguza namna ya kufikiri ya Weusi. Hatutukani elimu ya mutu. Tunasema tu kwamba katika inchi hii, mutu akija na karatasi ya kupima mambo ya ndani yako, umeisha kuwa na sababu ya kuuliza: karatasi hii itaenda wapi kisha mimi kutoka?

Ulizo hilo liko na jibu katika sheria. Sheria ya azabu ya inchi yetu inakataza muganga kufunua siri yenye amepokea katika kazi yake. Sosiete iko na haki ya kujua neno moja: anafaa kwa kazi hii, ao hafai. Haina haki ya kujua kwamba analia usiku. Kwa hiyo karatasi ya moyo haifai kujaziwa kwenye meza ya biro, na haifai kulala katika dosie moja na barua za kontra.

Kule Oxford, wagonjwa wenye moyo wao unapanda na kushuka wanapokea ujumbe kwenye telefone mara moja kwa juma, wanajibu kwa namba, na muganga wao anaona mustari wa moyo wao juma kwa juma. Hakuna mashini ya ajabu mule. Telefone yenye kutuma ujumbe, kila mutu wa migodi ako nayo katika mufuko, hata kama kwenye mugodi wanamuambia aizime. Na kwa mwenye hana, kuko kaye na bik.

Sisi madelege tumejaribu kati yetu, majuma mawili. Kila mangaribi namba moja, na pembeni yake posti yenye ulikuwa nayo na saa zenye ulilala. Ni dakika moja tu. Hatutasema ni elimu, ni watu wachache na hakuna muganga aliangalia. Lakini mwenzetu mumoja, mwenye sisi wote tulikuwa tunamuita mutu wa matata, aliona na macho yake kwamba matata yake yote yalianguka katika usiku wa tatu na wa ine, na siku zingine alikuwa mutulivu kuliko sisi. Bibi yake alisoma kaye, akasema: mimi nilijua, lakini hamukuniuliza.

Kwa hiyo, kwa sosiete na kwa wakubwa wa afya wa jimbo, tunaomba hivi. Moyo upimwe siku mingi, si siku moja, majuma mawili kwa uchache, kusudi posti zote za mutu ziingie mule. Pembeni ya namba ya moyo iandikwe kazi: posti, usingizi, vumbi. Maulizo yaandikwe tena katika Kiswahili chetu, na watu wenye wanasema Kiswahili chetu. Karatasi zishikwe na waganga wenye hawalipwi na sosiete; waganga wa kichwa wako, Wafurere wa Mapendo wako na kituo chao hapa Lubumbashi na kingine kule Bukavu, si mbali na migodi kama wanavyosema. Na majibu yakijumlishwa, bila jina la mutu, yaletwe kwenye komite ya usalama wa kazi, delege akiwa mule. Ikionekana kwamba ekipe muzima inashuka chini usiku wa tatu, dawa yake si ya kumeza. Ni kupunguza usiku. Tunajua hapo njo watachoka kutusikiliza, kwa sababu kubadilisha mutu ni rahisi kuliko kubadilisha ratiba.

Na wenye wako na ugonjwa wa kweli, wapate muganga na wabaki na kazi yao. Mutu mwenye presha anapewa dawa na anaendelea kutumika. Hatuoni sababu mwenye moyo unapanda na kushuka afukuzwe.

Kwa wandugu wenye watapewa karatasi juma hii ao juma yenye inakuja, kwa sababu sosiete hazitatungojea: musipasue karatasi, na musitie hapana kila fasi. Muulize kwanza, mbele ya mushuhuda, nani ataisoma na itashikwa wapi. Kama mutu wa biro amekaa pale, muombe kujazia mbele ya muganga peke yake. Ukijibu, andika pembeni, hata kama hakuna kikasha: posti ya usiku, siku ya ngapi, nimelala saa ngapi. Kisha uombe kopi. Wakikukatalia kopi, andika tarehe, saa na jina la mwenye alikukatalia, na umuletee delege wako karatasi hiyo.